Siku Kumi na Nne za Bango la Shangazi

Jino la mbele la shangazi yangu liling'oka saa tatu asubuhi, watu wanaangalia, kwa sababu ya kipande cha ubao chenye maandishi meusi. Aliyeling'oa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, na alitumia kiwiko tu, hata ngumi hakuona haja ya kuikunja. Shangazi alilitema mkononi, akalitazama kama mtu anayekagua sarafu bandia, akalitia mfukoni mwa ovaroli. Halafu akainama kuokota vipande vya ubao, kimoja kimoja, huku damu inamdondokea kwenye viatu.

Mtaani wanamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, ngazi, hata vitanda vya zahanati, vimepita mikononi mwake, na mikono yenyewe imejaa makovu madogo madogo hadi kwenye viwiko. Nusu ya mtaa wetu wanalala nyuma ya milango aliyoitengeneza yeye. Yeye mwenyewe anaishi nasi, kwa kaka yake ambaye ndiye baba yangu, kwenye vyumba viwili vya kupanga, na mlango wa chumba tunacholala mimi na yeye unafungwa kwa kamba ya kiatu.

Kiwanja aliachiwa na mume wake. Kesi ya mirathi iliisha, mahakama ikasema ni cha mke, hati ikatoka kwa jina lake. Lakini shemeji yake alikuwa ameshazoea kulilaza lori lake pale. Huyo wanamwita Tingatinga, tangu utoto, kwa tabia ya kupita palipo na watu kama vile hapana watu. Siku hukumu iliposomwa alimsubiri shangazi nje ya mahakama, akamwambia mbele ya wazee, "Kaka yangu hukumzalia hata paka. Kiwanja cha nini? Utamlaza nani?"

Shangazi alimpiga kofi. Yeye akamrudishia mawili. Ndivyo walivyoanza.

Sasa kwenye hati kulikuwa na sharti: mwenye kiwanja awe na kibali cha ujenzi ndani ya miaka mitatu, la sivyo halmashauri inakitwaa na kumgawia mwingine. Shangazi alidhani miaka inahesabiwa tangu kesi iishe. Karani wa ardhi akamwonyesha kwa ncha ya kalamu kwamba inahesabiwa tangu tarehe iliyo juu ya hati. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Alitoka pale moja kwa moja kwenda kwa mchora ramani, na mimi nikamfuata kwa sababu sijawahi kuona nyumba inavyoanza. Ofisi ilikuwa juu ya duka la kinyozi. Meza imeinama kama inataka kumwaga kila kitu, ramani zilizokunjwa zimesimama ndani ya ndoo, na mwenyewe anachonga penseli kwa wembe.

"Mama, mzee anataka vyumba vingapi?" akauliza bila kuinua macho.

"Mzee yuko kaburini, hataki chumba. Niulize mimi."

Penseli ikavunjika ncha. "Samahani, mama. Unataka vingapi?"

"Vitatu. Na karakana uani."

"Karakana kwenye eneo la makazi hawapitishi. Nitaandika stoo, wewe utajua mwenyewe."

"Usinianzie nyumba kwa uongo. Toa karakana. Na hilo dirisha la jikoni ukilifungua linagonga nguzo."

Mchora ramani alilitazama dirisha muda mrefu, akachukua kifutio. Kufikia jioni walikuwa wanabishana kama mtu na dada yake. Akamweleza njia yote: nakala nne, afisa mipango miji, afisa afya, mhandisi. Afisa afya aliirudisha mara moja kwa sababu shimo la maji taka lilikuwa karibu mno na mpaka, likasogezwa. Mhandisi akaipitisha. Mwishoni kabisa kilibaki kitu ambacho nilidhani ni kidogo.

"Bango," alisema mchora ramani. "Unasimamisha bango kiwanjani, limeandikwa jina lako, namba ya kiwanja, na unachotaka kujenga. Siku kumi na nne mfululizo. Mwenye pingamizi analipeleka kwa maandishi. Mkaguzi anapita siku yoyote anayotaka, bila taarifa. Akilikuta limesimama siku zote, anatia saini na kibali kinatoka. Akilikuta halipo, mnaanza moja."

"Basi?"

"Basi."

Tingatinga naye alikuwa amesikia, maana halmashauri haina siri. Bango la kwanza, la ubao, lilidumu siku tatu. Siku ya tatu ndiyo ile ya kiwiko na jino. Alilipasua kwa shoka. Polisi waliandika kwenye daftari lao, wakafunga daftari, wakasema, "Haya ni mambo ya kifamilia. Kaeni chini muyamalize."

"Nikae chini?" shangazi aliuliza, sauti inatoka na hewa pale penye pengo. "Ndiko nilikotoka. Amenikalisha chini mwenyewe."

Jioni ile hakula. Kesho yake aliingia karakana anakofanyia kazi, akachagua bomba nene la inchi tatu na bamba la chuma la milimita nne, akachomelea bango ambalo shoka lingelikuna tu. Akachimba mashimo mawili, akasimamisha miguu, akamwagia zege la uwiano mzuri, kokoto zimepimwa, nondo ndani. Mtaa mzima ulikuja kuliangalia. Baba alilisukuma kwa bega, akacheka. Tingatinga alilijaribu siku ya nne kwa mnyororo na lori. Bango halikutikisika. Lililong'oka ni bampa.

Siku ya tisa mkaguzi akaja. Ni mwanamume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na ndoo ndogo ya rangi nyekundu. Alizunguka bango mara mbili, akachutama.

"Hii ni nini?"

"Bango, mwanangu."

"Chini yake."

"Zege."

"Zege ni msingi. Msingi ni ujenzi. Na wewe kibali bado."

Shangazi alidhani anataniwa. "Msingi wa nini? Wa bango?"

"Sheria haikutaja msingi wa nini, mama." Akachovya brashi, akachora X nyekundu juu ya jina lake, pembe hadi pembe.

Fundi gani mwingine angefanya kosa lile? Mtu asiyejua kujenga angechomeka fito ardhini na kwenda zake. Shangazi alimkamata mkaguzi ukosi, kalamu zikamwagika. Mama yangu alimvuta kiunoni, "Wifi, mwache! Wifi, utafungwa!" Mkaguzi alijifuta vumbi, akaokota kalamu zote tatu, akasema bila hasira kwamba zege liondoke leo na hesabu ianze upya. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita za sharti la hati. Akiba ya siku mbili, basi.

Akalivunja zege mwenyewe, kwa nyundo ya kilo saba. Tingatinga alikuja kukaa juu ya boneti ya lori lake, anatafuna karanga.

"Piga, shemeji, piga! Mimi nimechoka, nisaidie kazi."

Shangazi akapiga.

"Ungekuwa unazaa kama unavyopiga, kaka yangu asingekufa na aibu."

Nyundo ilitoka mikononi mwa shangazi ikapita hewani. Ilivunja taa ya mbele ya lori, nusu hatua kutoka kwenye goti lake. Karanga zikamwagika. Tingatinga alishuka, akamfikia kwa hatua nne, akamtia teke la tumbo lililomkunja kama kisu cha kukunja, na alipokuwa chini akamwongeza jingine mgongoni. Wanaume watano walihitajika kumtoa. Shangazi alitapika, akafuta mdomo, akaifuata nyundo akamalizia zege.

Bango la tatu lilikuwa ubao tena, miguu miwili ya mbao kwenye udongo ulioshindiliwa kwa kisigino. Mtoto angeling'oa. Kwa hiyo shangazi akahamia pale. Kiti cha plastiki, mwavuli, na bomba la chuma la mita moja mapajani. Wateja walimfuata na vyuma vyao vidogo, akawa anakwangua kutu palepale. Baba alishika zamu ya usiku.

Siku ya tatu yalikuja mawe, hatukuona yametoka wapi, moja likampasua juu ya jicho. Siku ya sita Tingatinga alileta wapakiaji wawili wa lori. Wa kwanza alikula bomba kwenye ugoko akakaa chini analia. Wa pili alimkaba shangazi shingo kwa nyuma, na shangazi akamng'ata sikio. Alirudi kuoga akiwa na damu mdomoni ambayo haikuwa yake. Nilimwuliza ina ladha gani. Akasema, "Ya nati iliyopata kutu. Niletee maji."

Siku ya tisa baba alikwenda kumsihi Tingatinga, kiume, kwa upole. Alirudi ameshikilia ubavu. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika.

Siku ya kumi na nne tulikuwa na mtihani shuleni, tukatoka saa sita. Mimi na mama tulikuwa tunavuka barabara na bakuli la wali tulipolisikia lori linarudi nyuma, lile la mlio wa pii, pii, pii. Lilikuwa linaingia kiwanjani kinyumenyume, taratibu, kama limekuja kushusha mchanga.

Shangazi alisimama mbele ya bango, mgongo wake umeligusa. Akagonga bodi ya lori kwa bomba. "Nipo hapa! Tingatinga, unaniona, nipo hapa!"

Alikuwa anamwona. Uso wake ulikuwa umejaa kwenye kioo cha pembeni, macho yako kwa shangazi. Lori halikusimama. Mama aliliangusha bakuli. Shangazi aliuinua mkono wa kulia kulizuia, sijui mtu anawaza nini anapozuia lori kwa mkono, na ukuta wa nyuma wa lori ukaubana kati ya chuma na nguzo ya bango. Nilisikia mfupa. Sikujua mfupa una sauti, lakini ulikuwa na sauti kama ya ufito mbichi unaovunjika. Mguu mmoja wa bango ukakatika. Injini ikazima.

Tingatinga akashuka, labda kumalizia mguu wa pili. Hakufika. Shangazi alimjia kutoka ubavuni mwa lori, mkono wa kulia unaning'inia umegeukia upande usiowezekana, bomba liko kwenye wa kushoto. Pigo la kwanza lilimpata kiganjani, alipojikinga. La pili lilimpata tayani. Jitu lile lilikwenda chini kwa magoti, likashika kidevu kwa mikono miwili kana kwamba kitaanguka, na meno yake mawili yalikuwa kwenye vumbi karibu na wali wetu. Shangazi aliinua bomba mara ya tatu.

"Wifi!" mama alilia. "Bango!"

Lilikuwa linaangukia upande wa mguu uliokatika. Shangazi alitupa bomba, akaliwahi kwa bega, akalisimamisha, akabaki ameliegemea, uso mweupe kama majivu. Na hivyo ndivyo mkaguzi alivyotukuta.

Hakuuliza kilichotokea. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtuma dereva wa pikipiki iliyomleta kuita gari la wagonjwa, halafu akatoa fomu.

"Bango lipo," akasoma, akaweka alama. "Limesimama." Akatazama bega la shangazi, akatazama ule mguu mmoja, kalamu ikakaa hewani. Akaweka alama. "Linasomeka..." Akasogea. "Namba ya kiwanja haisomeki."

Damu ilikuwa juu ya namba. Shangazi aliifuta kwa shavu lake, kwa kuwa mkono wake mzima ulikuwa umeshikilia nguzo.

"Sasa?"

"Sasa inasomeka. Pingamizi." Aligeuka. Tingatinga alikuwa amekaa ameegemea tairi, anatema. "Wewe. Leo ndiyo siku ya mwisho. Una pingamizi?"

Akatoa sauti. Haikuwa neno.

"Si la mdomo, ni la maandishi." Mkaguzi akampa fomu na mojawapo ya zile kalamu. "Hapo. Sababu kwa nini asijenge. Mistari mitatu inatosha."

Tingatinga anajua kuandika, tena ana mwandiko mzuri, huandika risiti za mchanga kila siku. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimevimba, cha kulia ndicho kilichoshika kalamu, na hakikuwa na hata mkwaruzo. Aliiweka ncha kwenye karatasi. Nikajikuta nimechungulia, nataka kujua, baada ya jino na mbavu na mkono, ataandika nini. Tone la damu likaanguka kwenye mstari wa kwanza. Ncha ilikaa palepale mpaka wino ukatengeneza doa.

Shangazi akasema kutoka kwenye bango, polepole, meno yamebana, "Andika, shemeji. Mimi nitasubiri."

Akarudisha kalamu. Fomu haikuwa na neno hata moja.

"Hakuna pingamizi," mkaguzi akasema, akatia saini.

Walilazwa hospitali moja, wodi mbili zinazotazamana. Taya lilifungwa waya wiki sita. Mkono uliwekwa vyuma viwili na skrubu saba, na daktari amesema hautanyooka tena. Safari hii polisi hawakusema ni mambo ya kifamilia. Wote wawili wana kesi, na hatujui itaishaje. Kibali kilitoka siku ya mwisho kabisa ya ile miaka mitatu, mkono ukiwa bado kwenye plasta. Karani alimtaka asaini, akasaini kwa kushoto, maandishi yameinama kama mtu anayepanda mlima.

Msingi umeshachimbwa. Juzi fundi muashi aliagiza kokoto, lori likaja kuzishusha, likaanza kurudi nyuma na ule mlio wake. Nilimtafuta shangazi nimwonyeshe zilivyo nyingi. Alikuwa amechutama ndani ya mtaro, chini kabisa, amefunika masikio kwa mkono mmoja na kiwiko, na alibaki hivyo mpaka injini ilipozimwa. Kisha akatoka, akazikagua kokoto, akamwambia dereva ni kubwa mno, azirudishe.