Sufuria za Mkono wa Kushoto

Tangu kiharusi kilipoulegeza mkono wa kulia wa Jocelyne, mumewe Venuste ndiye aliyekuwa akipika. Walikuwa Warundi, wakimbizi waliolima katika kijiji cha Kashojwa, na kabla ya hapo Venuste hakuwahi kusonga hata bugari, ule ugali wa kwao, ya kumtosha yeye mwenyewe. Akajifunza. Maharagwe yake yaliiva juu, yakaungua chini, na kila yalipoungua Jocelyne aliburuta sufuria hadi nje, akaibana kwa magoti na kuisugua kwa majivu kwa ule mkono mmoja mzima. Majirani walimjua kwa sufuria zake zinazong'aa. Venuste akimwambia aache, aliendelea kusugua.

Halafu mtu mmoja kanisani akamsimulia Venuste habari za sufuria zisizoshika chakula. Walipouza mahindi, mume na mke wakaenda mjini Mbarara, kwenye duka moja la mtaa wa Nyamityobora. Muuzaji, binti mchangamfu aitwaye Vanessa, akampa Jocelyne kigoda, kisha akawapangia mezani seti kubwa yenye vifuniko vya kioo na mipini mirefu ya plastiki.

"Hii watu wanapenda sana, mzee. Na bei iko chini."

"Sisi tunapikia sigiri," Venuste alisema. "Mpini huu hautayeyuka?"

"Kwa makaa?" Vanessa akacheka. "Utayeyuka. Siwezi kukudanganya."

Akaleta nyingine, ndogo zaidi, yenye masikio ya chuma na kitako kinene. Venuste akaigonga kwa kidole, akapitisha kiganja ndani. Kitako kama hicho hakiunguzi upesi.

"Tufungie hii."

"Ngoja, Baba Élyse." Jocelyne aliinuka, akaishika sufuria kwa mkono wa kushoto. Ilipanda kidogo, ikayumba, akaiachia mezani kwa kishindo. "Hii siiwezi."

"Si lazima uibebe. Nitapika mimi, na kuosha nitaosha mimi. Ndiyo maana tumekuja."

"Ndiyo maana umekuja wewe," Jocelyne alisema taratibu. "Mimi nimekuja kutafuta ninayoweza kupikia."

Venuste akaisukuma sufuria pembeni. Muda wote huo alidhani anampumzisha, wala hakuwahi kumuuliza.

Vanessa akapekua rafu ya juu, akashusha sufuria mbili nyepesi na kikaango chenye mpini wa mbao. Jocelyne alikipima kila kimoja kwa kukiinua, kukiinamisha na kukirudisha, bila haraka, huku mumewe akimtazama.

"Hizi si nene kama ile, mama," Vanessa alionya. "Usitie moto mkali. Na kijiko cha chuma hapana, kitazichubua."

"Mwiko wangu ni wa mti," Jocelyne alijibu, akatabasamu.

Kesho yake alikaanga mayai na nyanya. Alipoinamisha kikaango, yai likateleza zima hadi kwenye sahani. Bugari ndiyo iliyomshinda: sufuria ilikuwa nyepesi mno, ikazunguka pamoja na mwiko. Venuste akapiga magoti, akayashika masikio ya sufuria kwa kitambaa.

"Shikilia vizuri, Baba Élyse. Usinitazame mimi, tazama sufuria."

Akashikilia. Bugari ilitoka na mabonge kidogo. Wakaila kwa mboga za lengalenga, na Venuste akaomba aongezwe.