Bangili Iliyovuta Sumaku

Miaka kumi na tisa Bi Barka hakukanyaga nyumba yenye arusi. Kualikwa alialikwa. Lakini aliyekuwa somo, kungwi wa nusu ya mji, kawavisha maharusi mpaka vidole vimeota sugu, aende akaketi pembeni, na wanawake wafunike vikuku vyao kila akipita?

Na yote hayo kwa bangili moja. Bi Radhiya aliiazimisha kwenye arusi ya jirani, ndiyo ada ya watu, Barka akamvisha biarusi, akairudisha kwa mkono wake. Radhiya akaiona imepauka. Akaipeleka kwa sonara Mohdhar, naye akaning'iniza sumaku kwa uzi, ikaelemea bangili.

"Sumaku haivuti dhahabu," akasema sonara, duka limejaa. "Hii imebadilishwa."

Mohdhar alikuwa mtu wa maneno mawili kwa siku. Siku ile kayatumia hayo.

Mwaka huu Rawiya, mjukuu wa Radhiya, karudi kutoka chuo kikuu kuja kuolewa. Huko asoma vijichembe vya chuma visivyoonekana kwa mato, vilivyonaswa ndani ya utando mwembamba, vinavyovutana na sumaku. Bibi yake akampa bangili ile ile, maana hakuna aliyeitaka. Rawiya akaijaribu, ikavuta. Akaifuta kwa kitambaa chenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, akaijaribu tena. Haikuvuta. Sumaku ikakiendea kitambaa.

Akamwendea Barka nacho mkononi, kimeingia weusi.

"Bi, nani aliing'arisha kabla ya arusi ile?"

"Mohdhar. Aliisugua kwa mtanga mweusi wa ufuoni, kisha akaipaka vanishi ing'ae."

"Basi mtanga ule una chuma. Vumbi lake lilinasa kwenye vanishi, likaipausha. Dhahabu ni ile ile, Bi. Na chembe zikiwa ndogo muno, ukiondoa sumaku zasahau kama zilivutwa."

"Zina bahati," akasema Barka.

Mohdhar alikuwa keshazikwa. Jioni akaja Radhiya, kajifunika buibui mpaka puani.

"Tusameheane, Bi Barka. Tuyamalize humu ndani."

"Ulinivua nguo ndiani, Bi Radhiya. Wataka kunivisha chumbani?"

Siku ya hina ya Rawiya, Radhiya alisimama mbele ya wanawake wote, akayasema, mtanga na vanishi na jina la sonara. Barka akaichukua bangili, akamvisha biarusi kwa mkono wake. Radhiya akanyoosha wake wapeane.

Barka akautazama, hakuushika, akaagiza kahawa.