Pambo Lililozunguka Kinyume

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Morogoro yakajaa maua ya plastiki na saa za ukutani zenye ndege, mimi nilinunua tufe la kioo. Mwenye duka aliliita pambo la meza, nikamcheka moyoni. Ndani yake mlisimama sindano, na juu ya sindano vipande vinne vyembamba, kila kimoja upande mmoja mweupe, wa pili mweusi. Ukiliweka juani, vinazunguka vyenyewe, bila betri. Nilijua ni nini: mwanga unavisukuma! Nililipeleka nyumbani kama nimebeba mayai.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia wa shule moja huko Bigwa, mwenye maringo na hasira za karibu. Heri niyakiri mapema.

Jambo lenyewe lilikuwa limeniteka tangu chuoni. Tulizoea kwamba msukumo wa kitu kinachokwenda ni tungamo lake, yaani kiasi cha maada yake, mara kasi yake. Mwanga hauna tungamo, na sifuri uizidishe kwa kasi yoyote, utabaki na sifuri. Lakini nadharia ya uhusianifu inasema mwanga una nishati, na ukiigawa nishati hiyo kwa kasi ya mwanga, unapata msukumo wake. Ni mdogo mno. Jua lote la adhuhuri likikupiga mgongoni halikusogezi. Ila upo.

Basi nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, binti wa huko juu milimani, mwenye maswali yasiyokwisha. Mjomba wake alikuwa ametuma habari kwamba anamtoa shule: biashara imekuwa huru, anamtaka kwenye meza yake ya mboga sokoni. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, mjomba akishasema, mama naye hunyamaza. Nikamwalika mjomba huyo aje darasani aone elimu kwa macho yake.

Alikuja amevaa koti zito, jua likiwa kali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Haya, nionyeshe."

Nikaweka tufe dirishani. Vipande vikazunguka. Nikahutubia kuhusu msukumo wa mwanga hadi jasho likanitoka, mjomba akitikisa kichwa kwa mshangao. Kisha binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, upande mweupe ndio unaorudisha mwanga, kwa hiyo ungesukumwa zaidi kuliko mweusi. Mbona hapa mweusi ndio unaokimbia mwanga?"

Nikatazama. Ni kweli! Majuma yote yale nilifurahia kuona vinazunguka, nisiangalie vinaelekea wapi. Baadaye nilisoma kitabuni kwamba ni hewa kidogo iliyobaki ndani, inayopashwa joto na ule weusi na kuusukuma. Siku ile sikujua lolote.

Mjomba akasimama. "Unambishia mwalimu wako mbele za watu? Hicho ndicho ulichofuata shule? Kusanya vitu vyako, twende."

Mimi nilikuwa na jibu langu la kawaida mdomoni: kaa chini. Lakini binti alikwisha kuanza kukusanya madaftari, moja moja, bila kulia, na moyo ukaniuma vibaya.

"Mjomba, ngoja. Binti amepatia. Aliyekosea ni mimi."

"Umekosea?"

"Mwanga unasukuma kweli, ila si huo unaozungusha hiki. Kinachokizungusha sikijui."

Akakaa tena, taratibu. Akalitazama tufe, akamtazama mpwa wake.

"Yaani wewe uliyesoma mpaka chuo hujui, na huyu kajua kwamba hujui?"

"Ndiyo, mjomba."

Akayachukua madaftari mikononi mwa binti, akayarudisha juu ya dawati. "Mboga nitauza mwenyewe." Halafu akaninyooshea kidole. "Nawe, siku nitakayosikia umemnyamazisha kwa sababu ameuliza, nakuja kumchukua."

Darasa zima, lililozijua hasira zangu, likaangua kicheko. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na sijawahi kufurahi vile tena darasani.