Maji ya Kujisuuza

Mume wa dada yangu ni mtu wa Mombasa. Kila akija kwetu Kibuli, chai haijapoa tayari ameshasema, "Sisi kwetu pwani." Eti Uganda kuzuri, ila hatuna mchanga. Mwaka huu nilichoka kumsikiliza. Nikamchukua yeye na dada mpaka Entebbe, tukapanda boti kwenda kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria.

Alivua viatu, akashuka, akauchota mchanga kwa mkono. Mchanga ulikuwa mweupe, umetandaa mpaka ukingoni mwa msitu. Kenge mkubwa alipita mbele yetu bila haraka, kama mwenye nyumba. Juu yetu furukombe alilia, akajitupa majini, akapaa na samaki kwenye kucha. Nilijivuna utadhani ndege yule nimemfuga mimi.

Shemeji aliogelea mpaka vidole vikakunjamana. Alipotoka, kwa mazoea ya kwao, alisimama anachuruzika maji huku akiangaza macho.

"Shemeji, bomba la kujisuuza liko wapi? Nitoe chumvi."

Dada akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Saa hiyo nilikuwa nimeisubiri miaka mingi.

"Chumvi gani? Jisuuze humo humo ulimotoka."

Akarudi, akanawa uso, akalamba midomo. Akalitazama lile ziwa lote lililokuwa mbele yake.

"Sisi kwetu pwani..." akaanza.

Nikamngoja amalize. Mpaka leo namngoja.