Kundi la Galaksi Linaloitwa Midia

Leo nimeishinda mashine ya Wazungu inayotafuta makundi ya galaksi.

Uongo. Sikilizeni kwanza, halafu tutapike pamoja.

Mkwe wangu, Mwalimu Ismail wa shule ya Mvara, alirudi na picha ya mbingu kutoka masomoni ng'ambo. Karatasi nyeupe, galaksi nukta nyeusi. Huko, anasema, mashine inasoma picha yenyewe. Ikikuta nukta zimesongamana, inazungushia duara: hapo iko kundi.

Picha akaitundika ukutani dukani kwa shemeji yangu Hawa, muuza nyama choma hapa Koboko.

Leo nikaona nukta zimejazana pembeni, na duara hakuna!

"Mashine imesinzia," nikatangaza. "Kundi hili ni langu. Liitwe Midia, jina la kwetu."

Watu makofi! Hata Hawa, ambaye hajanisifu tangu nimwoe dada yake, akaniwekea maini.

Nikaanza kuhesabu galaksi zangu kizee: nalamba kidole, nagusa. Nalamba, nagusa.

Mwalimu akaingia. Akainama, akakwaruza moja kwa ukucha. Ikabanduka.

"Baba mkwe, hii hapana galaksi. Hii mavi ya nzi. Mashine ilisoma picha kabla haijafika huku kwa nyama."



Hawa akavuta sahani ya maini. "Shemeji, Midia yenu iko na chumvi ya kutosha?"

Ptuu! Nimesukutua chai, nimesukutua ndimu, ulimi bado naukinai.

Chekeni tu. Lakini wewe Isa unayecheka kuliko wote, ndama wako alipokwama tumboni mwa mama yake nani alimvuta? Basi nikatie mswaki wa mwarobaini, ule mchungu kabisa.