Poriji Iliyoungua

Jana asubuhi mjukuu wangu aliunguza uji wa shayiri hapa nyumbani Elerai, na kabla sijafika jikoni ile harufu ilikuwa imeshanipandisha hasira. Si hasira na yeye, maskini. Alikuwa anachezea simu tu. Alipotaka kuumwaga, nikampokonya sufuria.

"Bibi, umeungua huo!"

Nikamwambia anyamaze, nikavuta kigoda nikaketi.

Enzi za Mwingereza baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kwenye miteremko ya Meru. Uji ule wao waliuita poriji, na Baba naye akaita poriji, kwa heshima, kana kwamba ni jina la mtu. Shayiri aliiloweka jioni. Alfajiri aliikoroga kwa mwiko juu ya moto mdogo, upande mmoja tu, bila kupumzika, hadi ilainike kabisa. Kisha akatia chumvi kidogo na malai yaliyoenguliwa juu ya maziwa. Mimi nilisimama mlangoni nikimeza mate.

Iliyobaki mezani ilikuwa ya mbwa. Memsahibu, mke wa yule Mzungu, aliamuru hivyo: watumishi wasionje, wasije wakazoea. Mbwa wawili, wanene kama magunia, wakila malai! Mpaka leo nikikumbuka meno yananisagika.

Mwaka ule wa ukame Mama alimzaa mdogo wangu. Kwetu Wameru mzazi hulishwa mtori wa ndizi na uji wenye siagi hadi anawiri, lakini migomba ilikuwa imesinyaa na ng'ombe wetu amekauka. Maziwa ya Mama yakagoma kutoka. Mtoto alilia siku mbili, kisha akaacha kulia, na huko kunyamaza ndiko kulikotutisha. Nikamwambia Baba alete ile ya mbwa.

"Si yetu," akasema.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia.

Kesho yake poriji ikaungua. Memsahibu alitoka na sufuria, akamfokea Baba mbele yangu. "Boi mjinga! Tupa! Hata mbwa hawali hii!"

Baba, mzee wa kanisa, akainamisha kichwa. "Ndiyo, memsahibu."

Kitu kilichotupwa hakina mwenyewe, kwa hiyo akaja nacho nyumbani. Mama alinusa ule moshi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. "Kumbe Wazungu nao hufukiza vibuyu?" Maana sisi kibuyu cha maziwa hukifukiza kwa kaa la moto, na maziwa yasiyonukia moshi tunayaona hayana ladha. Akala yote, akakwangua.

Ikaungua tena keshokutwa yake. Ikaungua na wiki iliyofuata. Mara ya tano wakamvua Baba kofia yake nyeupe, wakampeleka kupalilia kahawa na vibarua. Watoto wa shambani wakaniimba: binti wa mpishi asiyejua uji! Nilirudi nyumbani nawaka, nikamwambia usoni, "Mpishi gani hata uji unamshinda?" Siku saba sikumwamkia. Nilimpita mlangoni kama ninayepita mti, mimi mtoto niliyefundishwa shikamoo kabla ya kutembea.

Alinijibu mara moja tu. "Uji una mambo yake, mwanangu." Ndani, mdogo wangu alikuwa ananyonya kwa kelele.

Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo vya matanga ya Baba, nikamtajia Mama ile poriji, kwa utani. Hakucheka. Aliweka sufuria chini.

"Baba yako aliwahi kuunguza kitu kingine gani?"

Nikafikiri. Mikate, keki, nyama za sikukuu. Hakuna.

Yule mama wa Kizungu namkasirikia hadi leo, na sina nia ya kuacha. Lakini jana, nikikwangua sufuria ya mjukuu wangu, hasira yangu haikuwa juu ya memsahibu. Ilikuwa juu ya zile shikamoo saba nilizomnyima Baba, ambazo aliyekuwa azipokee hayupo.