Didace na Mwaka Jua Lilipofifia

Shemeji yangu Didace ni kiguu na njia. Ukimkuta ameketi, ujue yuko kwenye usukani. Anaendesha lori la mizigo, Houston kwenda Dallas na kurudi, na siku yake ya mapumziko utamwona kwenye maegesho ya nyumba zetu hapa Alief, mtaa wa Houston, akikagua matairi yasiyo na kasoro. Ukimkaribisha chai, anainywa amesimama. Mimi mtu wa namna hiyo ananichosha, na nimeshamwambia hivyo usoni mara nyingi tu.

Ushemeji wetu si wa damu. Mkewe, marehemu Perpétue, alikuwa mkimbizi kutoka Burundi katika kambi iliyokuwa karibu na kwetu Kasulu, nami nilikuwa nauza ndizi kwenye soko la nje ya kambi. Kiha changu na Kirundi chake vinaelewana, basi tukaishia kuitana dada. Miaka ikapita, kila mtu na safari yake, hadi nilipoingia kwenye kwaya ya parokia hapa Houston nikasikia sauti ya pili inaimba kwa nguvu kupita mwalimu wa kwaya. Nikageuka, nikamwona Perpétue. Tulilia mpaka padre akasimamisha mazoezi.

Jambo jingine la kujua kuhusu Didace ni mwaka 536. Usicheke. Wanaume wengine wana mpira, wengine wana siasa za nyumbani. Yeye ana mwaka mmoja, na anaujua kama nyumba aliyowahi kupanga.

Mwaka huo, anasema, jua lilififia. Halikuzimika. Lilikuwa juu mchana kutwa, lakini mwanga wake ulikuwa kama wa mwezi, na watu wa pande za Bahari ya Kati waliandika hivyo kwa hofu. Uchina theluji ilianguka katika majira ya joto. Ireland mkate ulikosekana. Karthago, huko Afrika ya kaskazini, askari waliasi wakati wa Pasaka, na kabla mwaka haujaisha jeshi la Konstantinopoli lilikuwa limeingia Roma. Wataalamu wa leo wanasema volkano ilitapika majivu yakatanda angani. Didace akifika hapo huinua kidole.

"Lakini wao hawakujua," husema. "Hawakujua ni nini, wala kama kitakwisha."

Halafu anakasirika. Anataka kujua Burundi mwaka ule nani alilima na nani alilala njaa, na kwa nini hakuna aliyeandika. Anakukazia macho kama vile wewe ndiye uliyekataa kuandika. Anayasema haya kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, kwenye foleni ya wali. Vijana wamembatiza Mzee Jua. Binti yake wa pekee, Mélissa, akimsikia baba ametamka "mwaka mia tano" tu, hunyanyuka akaenda jikoni hata kama hana kazi huko.

Najua mwaka huo ulimwingia lini. Perpétue alifariki mwezi wa pili mwaka jana, figo zilimshinda, na Didace alikuwa Dallas akishusha mzigo. Mimi ndiye niliyempigia simu. Njia nzima ya kurudi hakuweza kusikiliza wimbo wala kuongea na mtu, akaiacha simu ijichezee yenyewe, na mtu mmoja kwa Kifaransa akawa anasimulia habari za jua lililofifia. Alisikiliza kuanzia Dallas mpaka mlango wa hospitali. Tangu hapo hajatulia.

Sasa, Warundi wana desturi yao. Wakishazika, familia inabaki katika msiba hadi siku ya kuganduka, ndiyo kuanua matanga kwetu, ila wao hungoja mwaka hivi. Siku hiyo husomwa misa, watu hula na kunywa pamoja, na mwenye msiba husimama akatamka mbele ya wote kwamba sasa umekwisha, maisha yaendelee. Kabla ya neno hilo hakuna harusi katika nyumba ile. Hata mkwe hapokelewi.

Na mkwe alikuwa mlangoni. Mélissa amechumbiwa na Sheldon, Mkenya mpole anayefanya kazi ofisini huko Richardson, pembeni ya Dallas. Mwaka ulipotimia tukamwambia Didace ataje siku. Akataja, ilipokaribia akachukua mzigo. Akataja nyingine, akachukua mzigo tena. Kwaya tulishapika mara moja bure, sufuria zima la maharage, nikaligawa mwenyewe nyumba kwa nyumba huku nimevimba kwa hasira.

Mwezi wa tano ndugu za Sheldon walikuja pamoja naye bila kusubiri zaidi. Aliyewaongoza ni shangazi yake, Chepngetich, muuguzi wa Plano, jirani na Richardson, mama mwenye sauti ya kuamuru wodi nzima. Didace aliwakaribisha vizuri, kisha akasimama nyuma ya kiti chake badala ya kukikalia.

"Mzee," Chepngetich alisema, "tumedrive masaa manne. Hatutaki kukukosea heshima. Tunaomba tu utuambie ni lini tunaweza kuja officially."

Didace akafungua mdomo. "Mwaka mia tano thelathini na sita..."

Mélissa akaenda jikoni. Wageni walisikiliza Uchina, wakasikiliza Ireland, wakatazamana. Alipofika Roma alitazama saa yake, akasema ana mzigo unamngoja, akatoka. Tukabaki na soda zetu. Nimeona aibu nyingi maishani, ile naiweka kati ya za juu kabisa.

Chepngetich aliniuliza taratibu, "Huyu mzee ametukataa, ama ni nini?"

Nikamweleza habari ya kuganduka. Alielewa, maana na yeye kwao kuna mambo yao, lakini alisema Sheldon anahamishiwa kazi Seattle mwanzoni mwa mwaka ujao na hawezi kumwacha mchumba nyuma. Wageni walipoondoka Mélissa alikuja sebuleni akakaa kwenye kile kiti cha baba yake.

"Mama mdogo, I'm done," akasema. "Desemba naolewa. Kama Baba hataki, tutaenda mahakamani, mimi na Sheldon na wewe. Sitamngoja tena."

"Utaolewa baba yako yuko barabarani?"

"Mama alikufa Baba yuko barabarani," akajibu.

Mwezi wa saba nilimkamata Didace kwenye maegesho, nikamwambia twende Plano ukaombe radhi, na leo hushuki Dallas kuchukua mzigo, nakusindikiza mwenyewe. Nilidhani atakataa. Akaingia kwenye gari lake dogo akawasha. Mtu asiyetulia ukimpa safari, hakatai.

Asubuhi ile anga ilikuwa mbaya. Kila majira ya joto vumbi la Sahara huvuka bahari likafika mpaka Texas, na siku hiyo lilikuwa zito. Jua lilikuwa jeupe, dogo, halichomi. Didace alikuwa analitazama kuliko anavyotazama barabara, nami nikawa naikanyaga breki isiyokuwepo upande wangu. Karibu na Corsicana, kabla ya kufika Dallas, akatoka barabarani ghafla, akasimama kwenye kituo cha mafuta, akashuka.

"Shemeji, tazama," akaniita. "Unaweza kuliangalia bila kufumba macho."

"Ni vumbi. Redio imesema limetoka Sahara."

"Limetoka kwetu."

"Sahara si kwetu, Didace. Panda gari."

Hakupanda. Alizunguka gari, akapiga teke tairi, akazunguka tena. Watu waliokuwa wanajaza mafuta wakaanza kututazama.

"Mama Elibariki, hivi ndivyo ilivyokuwa," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Wanaamka, wanatoka nje, wanaangalia. Bado. Kesho wanatoka tena. Bado."

"Na wewe unatoka kuangalia nini?"

Alizungusha funguo kidoleni. Kisha akasema bila kunitazama, "Alikuwa ananingoja. Nesi aliniambia alikuwa anauliza, Didace amefika wapi? Nami nashusha makochi Dallas. Makochi! Sasa mnataka nisimame mbele ya watu niseme msiba umekwisha. Nikisema, watu watarudi kwao. Watasema Didace mzima sasa, tumtafutie mwanamke."

"Nani akupe mwanamke, wewe unayekunywa chai kwa kusimama?"

Nilitaka acheke. Hakucheka, na mimi uvumilivu ukaniisha hapohapo, kati ya pampu za mafuta.

"Basi niambie jambo moja," nikasema. "Hilo jua lako la 536 lilirudi lini?"

Akageuka. Katika kuzungumza kote, nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza swali. Watu hungoja tu amalize.

"Hawakubaliani," akasema. "Mmoja anaandika mwaka. Mwingine anasema mwaka na miezi kadhaa. Wengine wanasema miaka iliyofuata nayo ilikuwa ya baridi."

"Kwa hiyo hawakuamka asubuhi moja wakalikuta limewaka."

"Hapana. Lilirudi polepole, nafikiri."

"Na ule muda wote hawakuozesha binti? Hawakubatiza?"

Akaligeukia tena jua. Nikamzunguka, nikasimama mbele yake. "Binti yako anaolewa Desemba, ukiwepo au usipokuwepo," nikamwambia. "Utakosa na hilo pia, halafu utatafuta mwaka mwingine wa kutusimulia. Na mimi nilimpenda Perpétue, Didace. Nilimpenda kabla hujamjua wewe. Nimechoka kumlilia kwa vipande, nikipika nakwenda kugawa maharage, kwa sababu wewe hutaki kukaa chini tumlilie mpaka mwisho."

Hapo nikalia. Yeye akasimama tu, funguo mkononi, anga yote nyeupe juu yetu. Baadaye akanifungulia mlango wa gari. Tulikwenda mpaka Plano, na kwa Chepngetich alisema sentensi moja: mwezi wa nane, Jumamosi ya mwisho, mje.

Jumamosi hiyo misa iliisha saa tano asubuhi, na katikati ya misa Didace alikuwa ametoka. Gari lake halikuwepo kwenye maegesho. Tulihamia ukumbi wa parokia, watu wakakaa, wali ukaletwa. Wageni kutoka Plano na Richardson walipangwa mbele. Sheldon alikuwa amevaa suti, jasho linamtoka. Mélissa alikaa pembeni yangu akiwa na kitenge cha mama yake, ameukaza uso kama ubao, na kila mlango ulipofunguliwa nilihisi bega lake likishtuka. Mimi nilikuwa natunga matusi kwa Kiha, ambayo Mungu atanisamehe.

Alipoingia, shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Hakwenda mbele. Alisimama palepale mlangoni.

"Nilifika mpaka barabara kuu," akasema kwa sauti, watu wote wakageuka. "Nikageuza."

Akatembea mpaka mbele. Mwenyekiti wa jumuiya ya Warundi akampa kipaza sauti. Didace akakishika, akahamisha uzito mguu huu, akahamisha ule, akatazama dari.

"Mwaka mia tano thelathini na sita," akaanza.

Ukumbi mzima uliguna. Mtu nyuma akasema, "Yesu wangu." Mélissa akainamisha kichwa, nami nikamshika mkono ili asiende jikoni.

"Mwaka huo jua lilififia," Didace akaendelea. "Wameandika lilivyofifia. Lilivyorudi, hawakubaliani. Nimetafuta siku yenyewe, sijaipata. Nadhani kila nyumba ilichagua siku yake." Akainua tena macho darini. "Perpétue, nilichelewa kufika. Uliningoja, sikufika. Nisamehe. Binti yetu sitamchelewesha. Nachagua leo. Tumeganduka."

Mama mmoja wa kwaya akapiga vigelegele, na ukumbi ukalipuka, na Chepngetich, yule wa sauti ya wodi, alikuwa anajifuta macho kwa leso ya meza.

Didace alikuja kwenye meza yetu. Akavuta kiti, akakaa. Goti lake lilikuwa linacheza chini ya meza mpaka vijiko vinalia. Mélissa aliweka mkono wake juu ya goti lile, akauacha hapo. Sheldon alikuwa anakohoa bila kikohozi.

"Baba," Mélissa akasema, "Sheldon hakusikia vizuri ile siku. Mwambie tena habari za theluji ya Uchina."

Didace alimtazama kuona kama anamtania. Hakuwa anamtania. Basi akaanza, na wali ukapoa, na chai nilipomwekea aliinywa amekaa.